Roboti yapata ngozi: wabeba boksi tujipange

Miongoni mwetu tulio ughaibuni wapo wengi wanaobeba boksi, na hilo si jambo la kuonea haya. Boksi ndilo linalolipa kodi ya nyumba hapa na ada za watoto kule nyumbani. Maghalani imezoeleka kusemwa kwamba kazi hii haichukuliki na mashine, maana mashine haina vidole. Sasa inavipata.

Roboti si ngeni maghalani. Amazon iliinunua kampuni ya Kiva Systems mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na roboti zake zikawa zinamletea mfanyakazi rafu nzima pale alipo. Lakini kutia mkono ndani ya rafu, kupapasa na kuchomoa chupa bila kuiangusha, kukabaki kazi ya binadamu. Kamera ya roboti huiona chupa vizuri, ila koleo likishaifumbata, kamera hiyo haioni tena kama chupa inateleza.

Dawa iliyopatikana ni kuitia kamera ndani ya kidole chenyewe. Mwaka 2009, Edward Adelson na Micah Kimo Johnson wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kifaa ambacho leo kinajulikana kama GelSight. Ni kipande cha jeli laini mfano wa ngozi, kilichopakwa rangi upande wa nje; nyuma yake kuna taa na kamera ndogo. Kitu kikiigusa, jeli hubonyea, kamera hupiga picha na kompyuta hulisoma umbo la kitu hicho. Jeli ikitiwa vidoto, mwendo wa vidoto huonyesha kitu kinavutwa upande gani. Dalili ya kuteleza ikionekana, kompyuta huliamuru koleo likaze kidogo. Jeli ikibonyea kupita kiasi, lilegee.

Mwaka 2014 roboti yenye kidole cha namna hiyo iliweza kuchomeka waya wa USB kwenye tundu lake. Mwaka 2020 Facebook ilitoa kidole kiitwacho DIGIT na kuuweka mchoro wake wazi, anayetaka akitengeneze. Mei 2025 Amazon nayo ikatangaza Vulcan, roboti yenye hisia ya kugusa. Vulcan hutegemea vipimo vya nguvu badala ya jeli, lakini shabaha ni ile ile: mkono ndani ya rafu.

Kampuni inasema mashine hiyo itamwondolea mfanyakazi adha ya kupanda ngazi na kuinama. Hatubishi, kwani migongo ya ndugu zetu ni ushahidi tosha. Ila mgongo ukipona na mshahara ukaondoka, aliyefaidika ni nani?

Hatusemi mashine zivunjwe. Tunasema tuzungumze mapema, kabla hazijafungwa. Wapakuzi wa meli wa pwani ya mashariki ya Marekani waligoma siku 3 mwezi Oktoba 2024, na mitambo ya kujiendesha ilikuwa sehemu ya ugomvi wao. Mapema 2025 wakapata mkataba wa miaka 6 wenye masharti juu ya mitambo hiyo. Waliyapata kwa sababu wana chama. Wenzetu wengi huajiriwa kupitia mawakala, hawana chama, na wengine huogopa hata kuuliza kwa sababu ya makaratasi yao.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Anayeruhusiwa kujiunga na chama cha wafanyakazi ajiunge sasa. Jumuiya zetu, zinazojua kuchangisha kwa misiba na harusi, zichangishe pia kwa mafunzo. Jeli ya kidole cha roboti huchakaa na hubadilishwa, kamera huchafuka, koleo hurekebishwa. Hiyo nayo ni kazi yenye ujira, na aliyeshika boksi kwa miaka 10 anajua kuliko mhandisi yeyote ni boksi lipi huteleza. Tudai afundishwe yeye kwanza.