Mficha Uchi Hazai

Wahenga wetu walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii twaitumia kwa kila jambo: kwa mdaiwa asiyetaka kueleza shida yake, na kwa mgonjwa amwoneaye tabibu haya. Lakini mahali pamoja twaisahau, napo ndipo hasa ilipotoka: katika uzazi.

Hapa kwetu pwani mimba haitangazwi, na lugha yetu yenyewe ni shahidi. Mtu mwenye adabu zake hasemi waziwazi kwamba fulani ana mimba. Atasema ni mja mzito, au ana himila, au atanong'ona tu kwamba hayuko peke yake. Sababu twazijua sote. Hasidi hakosekani, na mimba changa yaweza kuharibika mtu akabaki na huzuni pamoja na maneno ya watu. Kujikinga kwa Mola na shari ya hasidi ni katika dini yetu, na sura ya Falaq kila mtoto wa chuoni anaihifadhi. Basi mimi siilaumu stara hii. Ninacholaumu ni stara inapogeuka kuwa kuchelewa.

Wala tusiseme kwamba wanawake wetu hawajui faida ya kliniki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila waja wazito 100 nchini Kenya, 98 walipimwa na mkunga au daktari angalau mara moja. Lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa 66 tu. Na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mara nane, ya kwanza kabla ya wiki 12 kutimia. Njia, basi, yajulikana. Tatizo ni kwamba safari huanza jioni.

Nasema haya kwa uchungu. Binti wa dada yangu alipopata himila yake ya kwanza, nilimwuliza dada kama mtoto amekwisha kwenda kliniki. Akanijibu, "Kaka, haya ni mambo ya wanawake. Ngoja kwanza tumbo lionekane." Nikanyamaza. Msichana alikuwa akitafuna udongo kila siku, nasi tukicheka, tukisema ni uchu wa mimba. Alipopelekwa ulikuwa mwezi wa saba, na damu yake ilikuwa imepungua sana. Vidonge alipewa, lakini muda wa kuijenga damu ulikuwa umekwisha kupita. Usiku wa kujifungua alivuja damu, na sisi wanaume wa ukoo tuliitwa kwenda kutoa yetu. Alhamdulillahi, mama na mtoto wangali hai. Ila usiku ule nilijua kwamba kimya changu nacho kilikuwa na sehemu yake.

Laiti angalipimwa mwezi wa pili au wa tatu, safura ile ingalionekana mapema. Kaswende nayo, ambayo mama aweza kuwa nayo asijijue, hutibiwa kwa sindano kabla haijamdhuru mtoto. Presha ikipimwa tangu mwanzo, mkunga huwa na cha kulinganisha ikianza kupanda baadaye, maana hiyo ndiyo iletayo kifafa cha mimba. Na hapa pwani penye malaria, kliniki ndiko mama apatako chandarua na dawa ya kumkinga. Hapana hata moja katika haya lingojealo tumbo lionekane.

Mwaka 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungulia katika hospitali zake, na wengi wakadhani kikwazo kimeondoka. Kumbe kingine kiko sebuleni mwetu. Bi arusi mgeni hatoki bila ya ruhusa ya mumewe na mavyaa wake, na nauli iko mfukoni mwa mume. Akisita kuvuliwa nguo mbele ya mwanamume, haki yake ni kuomba mkunga wa kike, na mumewe ndiye wa kwanza kumtetea.

Aya ya 14 ya sura ya Luqman yatukumbusha taabu ya mama aliyetubeba katika unyonge uliozidi kila siku. Twaisoma aya hiyo kumfunza mtoto ihsani kwa mamake. Yafaa tuisome pia sisi waume, wakati mama huyo angali amebeba.

Kwenda kliniki si kutangaza. Mkunga ni mtu wa amana, siri ya mgonjwa haitoi nje, na buibui lile lile lisitirilo tumbo sokoni lapita pia mlangoni kwake. Basi enyi mama zetu na mavyaa, hasidi mficheni mpendavyo, lakini mkunga msimfiche. Nanyi waume, msingoje kuombwa nauli.