Kurejeshewa titi si urembo

Mwanamke akishatolewa titi kwa sababu ya saratani, kauli huwa ile ile, iwe ya mume, wifi au jirani: "Mshukuru Mungu u hai." Akithubutu kuuliza kama titi linaweza kurejeshwa, ataambiwa huo ni urembo, tena urembo wa matajiri. Kauli hiyo ni ya kikatili, na imetukaa midomoni kwa sababu inatuondolea gharama.

Jicho la bandia halioni. Hata hivyo hakuna anayemwambia aliyeng'olewa jicho abaki na shimo kwa kuwa la pili lipo. Kwa nini basi kifua cha mwanamke kihesabiwe pambo? Mtazameni anavyoishi: anakunja kitambaa, anakisokomeza kwenye sidiria, akiinama kuchota maji kinapanda hadi shingoni, naye anakirudisha haraka huku akiangaza nani kaona. Mwenye fedha hupanda ndege kwenda India kurejeshewa lake.

Marekani, sheria ya mwaka 1998 inazitaka bima za afya zinazolipia kuondoa titi zilipie pia kulirejesha, na hata kulirekebisha la pili ili yalingane. Wao wameliita tiba. Lakini sheria hiyo haiigusi Medicaid, bima ya maskini, na kwa miaka mingi wanawake Weusi na wasio na bima wamerejeshewa matiti kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Upasuaji huu mara nyingi hauishi kwa safari moja. Asiye na nauli wala likizo yenye malipo huishia njiani.

Najua nitakavyojibiwa: tuokoe uhai kwanza. Haya, tuanze na uhai. Hofu ya kukatwa titi ni miongoni mwa mambo yanayowafanya wanawake wafiche uvimbe, hata wafike hospitali za Ocean Road au Kenyatta ugonjwa umeshasambaa. Anayejua mapema kwamba titi laweza kurejeshwa ana sababu moja zaidi ya kujitokeza.

Wala kurejesha titi si maajabu ya jana. Mwaka 1906 daktari wa Italia, Iginio Tansini, alieleza namna ya kufunika kifua kwa ngozi na msuli wa mgongo wa mgonjwa mwenyewe. Huku kwetu wasioupata upasuaji huo husaidiana: Kenya wapo wanawake walionusurika saratani wanaowafumia wenzao matiti ya uzi. Nawaheshimu sana, ila mzigo huo ulikuwa wa bima.

Bima zilipie titi la bandia na sidiria yake sasa hivi, na upasuaji kwa anayeutaka. Asiyeutaka asilazimishwe. Lakini kila mmoja aulizwe kabla hajaingia chumba cha upasuaji.