Wa mwisho kuingia uwanjani



Mpendwa msomaji, katika Dominika hii ya 30 ya Mwaka C tunasomewa masomo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kugombana. Katika somo la pili Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua saa yake imekaribia, anamwandikia Timotheo kwamba mbio amezimaliza, imani ameilinda, na sasa anangojea taji. Katika Injili ya Luka, Bwana wetu anatusimulia habari za watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Farisayo anasimama na kuhesabu mema yake. Mtozaushuru anabaki nyuma, hainui hata macho, naye ndiye anayerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki.

Waamini wengine huniuliza: Padri, mbona Paulo anayataja aliyoyafanya na hatumlaumu, lakini Farisayo akiyataja ya kwake tunamwita mwenye majivuno? Swali hilo ni zuri. Kulijibu, naomba niwapeleke kwa mwanamichezo mmoja wa nchi yetu.

Nianzie mbali kidogo. Seminarini tulikuwa na mwalimu mmoja, padri mzee kutoka Ireland. Jioni alikuwa akituangalia tukicheza mpira, na siku moja alitueleza kuhusu mpira wa kwao, ambao mchezaji huupiga kwa mguu na pia huubeba na kuupiga kwa mkono. Timu ina watu 15, na chama kinachousimamia kimekuwepo tangu mwaka 1884. Fainali huchezwa Dublin katika uwanja wa Croke Park, unaochukua watu zaidi ya 82,000. Lakini kilichotushangaza zaidi ni kwamba wachezaji hawalipwi mshahara. Wamo walimu, wakulima na mafundi, ambao Jumapili hucheza mbele ya uwanja uliojaa na Jumatatu hurudi kazini. Kwa kawaida kijana huichezea klabu ya parokia alikokulia, na wengi hubaki nayo maisha yao yote. Mwalimu wetu alikuwa akisema, kwao mchezaji haulizwi anataka shilingi ngapi, anaulizwa ni mtoto wa wapi.

Mapadre wa Ireland, Wapalotini, ndio waliohudumia Mbulu kwa miaka mingi. Askofu Patrick Winters, mmoja wao, aliliongoza jimbo lile hadi mwaka 1971. Na huko Mbulu, mwaka 1938, alizaliwa mkulima ambaye naye hakukimbia kwa mshahara. Jina lake ni John Stephen Akhwari.

Wengi wetu tumelisikia jina hilo, lakini tunakumbuka siku moja tu ya maisha yake. Tuitazame siku hiyo vizuri. Ilikuwa Dominika, tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, siku ya mbio za marathoni za Olimpiki. Jiji lile liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko hata mji wetu wa Njombe, na hewa yake ni nyepesi. Walioanza mbio walikuwa 75. Njiani misuli ilianza kumkaza Akhwari, na wakimbiaji walipokuwa wakisongamana kugombea nafasi, alianguka vibaya. Goti liliumia na bega likajigonga chini. Akafungwa bandeji, akainuka, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea, mara akitembea.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kwa muda wote huo wa zaidi ya saa moja, medali zilikwisha kutolewa, giza likaingia, na watu wengi wakaondoka uwanjani. Waliobaki walimwona mtu mmoja akiingia getini, mguu umefungwa bandeji, akizunguka uwanja taratibu mpaka kwenye mstari. Alikuwa wa 57, naye ndiye wa mwisho. Baadaye alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio tu, ilimtuma azimalize.

Sasa turudi kwenye swali letu. Farisayo alipima mwendo wake kwa kumtazama aliye nyuma yake. Ukiuondoa mgongo wa mtozaushuru, sala yote ya Farisayo haina pa kusimama. Paulo hamtazami mtu. Anamtazama aliyemtuma. Tena anakiri, katika barua ileile, kwamba siku ya kujitetea kwake mara ya kwanza hakuna mtu aliyesimama upande wake, wote walimwacha, ila Bwana alisimama naye na kumtia nguvu. Ndiyo maana maneno yake hayana majivuno. Na Akhwari usiku ule angejilinganisha na nani? Hakukuwa na mtu nyuma yake. Alibaki yeye, maumivu yake, na utume aliopewa.

Lakini, ndugu zangu, mahubiri ya namna hii yana hatari, nami nimewahi kuanguka katika hatari hiyo. Ni rahisi kusema, «Muigeni Akhwari, msikate tamaa,» kisha tukaenda kula. Kwa hiyo nitaje mambo matatu ambayo huwa tunayaruka.

La kwanza, kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 18 hawakumaliza. Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1960 na 1964, pengine mkimbiaji mkuu kuliko wote waliokuwepo pale. Mguu wake uliokuwa na jeraha ulimzuia, akasimama. Hakuna anayemwita mwoga. Kuna mbio ambazo mtu huziacha kwa sababu kuendelea ni kujiua. Nasema hivi waziwazi kwa sababu wapo akina mama ambao sisi viongozi wa dini tumewaambia, «Vumilia, mama, maliza mwendo,» ilhali nyumbani wanapigwa hadi kuvunjwa mbavu. Huo si mwendo ambao Mungu alimtuma mtu. Mama anayetafuta usalama wake na wa watoto wake hajaiacha imani. Tumpokee.

La pili, Akhwari hakuishia Mexico. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Yule tunayemkumbuka kama mtu wa mwisho alikuwa mkimbiaji hodari kwelikweli! Kisha akarudi kwenye shamba lake na familia yake Mbulu. Heshima ilikuja polepole: nishani ya taifa mwaka 1983, mwaliko wa Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na mwaka 2008 akawa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Olimpiki Dar es Salaam. Mtu si siku moja ya maisha yake. Wala siku aliyoanguka, wala siku aliyoshangiliwa.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mtu fulani alimfunga Akhwari ile bandeji. Na watu fulani walibaki uwanjani gizani, wakati wenzao wamekwisha kwenda kula. Majina yao siyajui. Lakini nikijiuliza Kanisa ni nini, naona ni hao.

Naomba niwasimulie kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia ambayo siitaji, tulifanya Misa ya shukrani baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. Niliwaita mbele vijana waliopata daraja la kwanza na la pili. Wazazi wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba, nami nikawawekea mikono na kuwapa kila mmoja rozari na daftari. Nilijiona paroko mwema. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amesimama kijana aliyenitumikia altareni kwa miaka sita. Alikuwa amepata sifuri. Wakati wa vigelegele alitoka nje. Jumatano yake alipanda gari la Makambako, na kutoka pale hakuna aliyejua vizuri alielekea wapi.

Mama yake alikuja ofisini baada ya wiki mbili. Hakuja kulaumu. Alinisalimu kwa adabu, akakaa, akasema, «Baba, mtoto aliniambia kabla hajaondoka, "Mama, leo hata Padri hakuniona."» Nilikosa la kujibu. Nilikuwa nimesimama altareni, nikimtazama Mungu kama yule Farisayo, nikimhesabia vijana wangu waliofaulu. Na mtozaushuru alikuwa pale pale mlangoni, nami sikumwona.

Hadi leo kijana yule hajarudi. Mara mbili alimpigia mama yake simu. Kila nipitapo stendi ya Makambako, kati ya mabasi ya Mbeya, Songea na Dar es Salaam, nawatazama wapakizi wa viazi na mbao, mmoja mmoja, usoni.

Wapendwa, hapa kwetu Kifanya na mkoa mzima wa Njombe kuna marathoni nyingine ambayo haina uwanja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba mkoa wetu ulikuwa na kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi Tanzania Bara, asilimia 11.4 ya watu wazima. Maana yake ni kwamba katika kila benchi refu la kanisani, inawezekana kabisa yumo mtu ambaye kila siku, wakati wa ukungu na wakati wa jua, anameza dawa zake. Anayezimeza bila kukatisha anaishi, analima, analea, anaona wajukuu. Hakuna medali. Hakuna anayempigia vigelegele.

Na wanaoacha dawa, mara nyingi si kwa sababu miguu imechoka. Wanaacha kwa sababu walionekana wakiingia kliniki, na jioni kwenye kilabu cha ulanzi jina lao likatajwa. Wanaacha kwa sababu ndani ya jumuiya yao mtu alisali kwa sauti, «Nakushukuru, Bwana, kwamba mimi si kama wale.» Sala ile ya Farisayo haijafa. Kwetu imejifunza kusema Kiswahili na Kibena. Na kila inaposaliwa, inamvua mtu bandeji njiani.

Basi tufanye nini? Sina mengi, ila napendekeza haya. Jumuiya ndogo ndogo zinapokutana wiki hii, kabla ya kusoma michango, mwenyekiti asome majina ya wasiofika siku nyingi. Asiyasome kwa kuwahukumu. Kila jina lipate mtu wa kwenda kubisha hodi, kumpa kamwene yake, kukaa naye jikoni motoni bila kumwuliza zaka. Mwenye pikipiki ajitolee kumpeleka jirani kliniki, na afunge mdomo wake akirudi. Wazazi ambao matokeo ya watoto wao hayakuwa mazuri wasifiche watoto. Na sisi mapadre, makatekista na walimu, tunapowapongeza waliofaulu, na ni haki kuwapongeza, tushuke pia hadi mlangoni.

Mimi nimekwisha kuamua. Misa ya shukrani ijayo nitawaita wote waliofanya mtihani. Nitaanza na waliosimama nyuma, nao nitawapa rozari ileile na daftari lilelile, kwa sababu mwenye sifuri ndiye mwenye safari ndefu zaidi ya kuandika.

Kwako wewe unayesoma haya ukiwa umechelewa, umeanguka, au umeona watu wakiondoka uwanjani wewe ukiwa bado njiani: Bwana aliyesimama na Paulo gerezani hajaondoka. Hatazami saa. Endelea, hata kwa kuchechemea. Na kama umeshindwa kabisa kusimama, kaa hapo ulipo, sema sala fupi ya mtozaushuru, tutakuja kukuchukua.

Na kama wewe ni yule kijana, na gazeti hili limekufikia huko uliko, mama yako hajambo. Mlango ule uliotokea, mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama hapo.

Jumapili njema.