Maji Yakijaa Barr Al Hikman
Wiki hii nimeona alama za matairi kwenye uwanda wa chumvi wa Barr Al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah kule Oman. Zimepasua ganda jeupe hadi kwenye tope jeusi, zikaelekea moja kwa moja pale ndege wanapojikusanya maji yakijaa. Nyuma jangwa, mbele bahari inayokupwa mbali mpaka macho yachoke. Hapo katikati, kila msimu wa baridi, hushukia laki kadhaa za ndege wa pwani kutoka kaskazini. Mimi humtafuta kwanza yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama jambia. Ndiye huyohuyo anayeonekana Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, na nikimkuta Oman moyo hunituma nimsalimie kama jirani. Hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo analolichimba mchangani, joto la jua likimsaidia kuatamia. Ndege wa Barr Al Hikman hufuata saa ya maji, si saa ya mtu: yakitoka hula, yakijaa hupumzika. Anayewaendea kwa gari wakati huo ili waruke apate picha, hata awe ametoka mbali kiasi gani, huyo hapendi ndege; anawapokonya nguvu walizochuma kwenye tope tangu alfajiri. Nenda mapema, maji yangali chini, uketi kimya na darubini yako, uyaache yakusogezee ndege yenyewe.