Hesabu kwa Bando la Mama

Sisi wenye vibanda na fremu Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, tuna lalamiko, na tunaomba lisikilizwe kabla hatujaitwa watu wasiopenda maendeleo. Tunayapenda. Simu nyingi za mikoani zimepita Mtaa wa Aggrey kabla ya kupanda basi la Tunduma au Kigoma. Sisi wa kuogopa simu?

Tunacholalamikia ni linki. Saa tatu usiku, mwalimu wa Hesabu anaporomosha kwenye grupu la wazazi video nne za aljebra, chini yake kaandika: “Wazazi, watoto waziangalie, kesho kuna zoezi.” Basi. Mtoto mwenyewe simu hana, na shuleni akikutwa nayo inachukuliwa, tunaitwa wazazi. Kwa hiyo simu ni ya mama. Na simu ya mama ndiyo duka lenyewe: mteja wa Songea anatuma humo picha ya mzigo anaoutaka, na hela yake inaingia humo humo. Mtoto akiishika saa nzima anatafuta x, oda inahamia kibanda cha jirani. Halafu lile bando la buku, lililopangwa litufikishe kesho jioni, linakata hata mabano hayajafunguliwa. Tukienda chumbani kumtazama msomi wetu, tunamkuta kwenye video za mpira.

Ada za shule za serikali mpaka kidato cha nne zilifutwa 2016, tukashukuru sana. Bando hakuna aliyelifuta. Na siku isiyo ya video inakuja PDF ya kurasa kadhaa, twende steshenari tukaiprinti, kila ukurasa na bei yake.

Haya mambo tunajua yalikoanzia. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, watoto wakasoma kwa redio, kwa televisheni, kwa simu, ilimradi wasisahau. Ilikuwa dharura, nasi tukajikamua. Mwishoni mwa Juni zikafunguliwa, dharura ikaisha, mazoea yakabaki.

Wala hatusemi vya mtandaoni ni vibovu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yake, vitabu vya kiada vimo humo, husomi kwa kulipia. Shule Direct ina masomo ya sekondari yaliyoandaliwa kwa kufuata mtaala wetu. Wadogo zetu wa msingi wamekua na Ubongo Kids, katuni za hapa hapa Dar zilizoanza 2014 kwenye TBC1, wanajifunza hesabu kwa kuimba, tena kwa Kiswahili. Sasa linganisha na anachotumiwa mtoto wa kidato cha kwanza: bwana mmoja wa ughaibuni, Kiingereza cha mbio, kalamu inakwenda yenyewe kwenye kioo cheusi. Mpaka darasa la saba, mama alikuwa na la kusema. MAGAZIJUTO anaikumbuka, KDS anaikumbuka. Hapa anakaa pembeni kushika chaja.

Lakini kinachotuuma zaidi ya hela ni daftari. Juzi mtoto wa mwenzetu kapewa 3(x − 2) = 12. Kaangalia video mara mbili, kaandika 3x − 2 = 12, kapata x ni nne na theluthi mbili, karidhika. Ile 2 haikuzidishwa kwa 3. Bwana wa kwenye video hana habari, yuko swali la tano. Mwalimu aliyepita kwenye madawati angeiweka kalamu nyekundu pale pale, mtoto akapata 6 na asingerudia tena. Badala yake kosa limelala nyumbani, limeamka naye, limekwenda mpaka mtihani. Tukisikia kwamba mwaka 2022 waliofaulu Hisabati kidato cha nne walikuwa kama mmoja tu kati ya watano, tunashindwa kushangaa.

Na hawa si watoto wazito, jamani! Mpe mtoto wa Kariakoo dazani ya soksi ya 12,000, mwambie auze jozi kwa 1,500. Kabla hujafunga mdomo ameshakwambia faida ni 6,000. Muulize hiyo ni asilimia ngapi ya mtaji, anatazama dari. Hamsini iko mkononi mwake, hakuna wa kumwonyesha kwamba ndiyo ile ile ya kwenye kitabu.

Mwalimu naye tunamwonea huruma. Darasa limefurika, madaftari yakirundikwa mezani yanamficha. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 serikali iliwapa walimu, na ilifanya vizuri, ila kishikwambi bila bando ni kioo cha kuchania nywele. Walimu wanaojiunga kwa mshahara wao tunawajua, baadhi ni wateja wetu. Ndiyo maana tunasema: shule inunue hilo bando. Mwalimu ashushe video mara moja, aionyeshe asubuhi darasani, aisimamishe katikati, aulize, “Wewe wa nyuma, hapa tunafanya nini?” Nyumbani alete maswali matano ya kuandikwa kwenye daftari, hata umeme ukikatika yatafanyika kwa mshumaa. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ikawa ya kuvizia nchi nzima. Madaftari hayakuzimika.

Haya yote tuliyasema kwenye kikao cha wazazi, waliosimama wakasimama, kina mama wa vitenge wakapiga makofi. Mwenyekiti akatushukuru kwa michango mizuri. Akasema yeyote mwenye maoni zaidi ajaze fomu, linki itatumwa kwenye grupu.