Somo la Lishe Lisimwaibishe Mtoto

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tumeketi mara nyingi nyuma ya darasa kusikiliza somo la lishe. Mwanachuo huuliza, "Jana usiku mlikula nini?" Mikono huinuka: maziwa, mayai, nyama. Hata mtoto aliyelala na ugali kwa chumvi hujibu, "Samaki." Mwalimu husifu, huandika ubaoni makundi ya vyakula, watoto hunakili, na kengele hulia. Kwa maoni yetu, somo la namna hiyo limefundisha jambo moja tu, nalo ni kusema uongo.

Kosa si la mtoto. Yeye hanunui chakula wala hagawi. Kumtaka aeleze chungu cha mama yake mbele ya wenzake ni kuuanika umaskini wa nyumba yao.

Swali la kwanza na liwe: "Ni vyakula gani vipatikanavyo hapa kwetu?" Hapo watatajwa dagaa na kunde, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, mapera na maembe. Kisha mwalimu aeleze sababu. Mboga za majani zina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho; nacho hupokewa vizuri zaidi mboga zikiungwa kwa karanga au mafuta kidogo. Pera lina vitamini C, isaidiayo mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika kunde. Unga wa dona huhifadhi kiini cha mahindi, ambacho sembe hukipoteza mashineni.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wazima wa Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakajadili chakula chao wenyewe. Watoto nao wanastahili heshima hiyo.

Baada ya majadiliano pawe na kazi iliyo ndani ya uwezo wa mtoto. Apande tuta la mchicha shuleni, ambao huvunwa baada ya majuma machache, na apeleke mbegu nyumbani. Lakini bustani isiwe mahali pa adhabu. Mtoto anayemwagilia mboga kwa sababu alichelewa namba hawezi kuipenda mboga hiyo.

Wako watakaosema kwamba maneno haya hayamshibishi mwenye njaa. Ni kweli. Mtoto aliyekuja shuleni bila kula hahitaji somo, bali chakula. Na mwalimu atakayemtambua hana budi kulifikisha jambo hilo, kwa siri, kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, ili uji upatikane.

Ndugu wanachuo, mkiandaa somo lenu lijalo, jiulizeni kwanza: je, mtoto aliye maskini kuliko wote darasani ataweza kujibu swali langu kwa ukweli, bila kuinamisha kichwa? Kama hawezi, libadilisheni swali hilo kabla ya kuingia darasani.