Kibaba cha Nuru: Kamera Ipi Ifaayo Mwambao wa Rumonge?

Haba na haba hujaza kibaba, walinena wahenga. Methali hiyo waliitolea nafaka na fedha, lakini yafaa vilevile kwa picha, maana picha si kitu kingine ila nuru iliyokusanywa kidogo kidogo hata ikatosha kuonyesha sura ya mtu. Kibaba kikiwa kikubwa, nuru nyingi hukusanywa; kikiwa kidogo, huenda picha ikatoka na upungufu. Jambo hilo husahauliwa na nyumba nyingi zinapotoa akiba yao kununua kamera ya kazi.

Katika mji wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, watu huishi kwa mawese, uvuvi na biashara. Kazi ya kupiga picha nayo yaweza kuwa riziki: harusi zipo, ubatizo upo, maulidi yapo, na kila mwenye kutaka kitambulisho huhitaji sura yake karatasini. Mke wa askari au wa polisi, ambaye mumewe aweza kuhamishwa kituo wakati wowote, hufaidika na kazi hiyo kuliko wengi, kwa kuwa kamera haing'olewi kama shamba wala haifungwi kama duka. Huhama pamoja na mwenyewe.

Mathalani, mume na mke wameweka akiba kwa muda wa miaka mitatu. Muuzaji awawekea mezani kamera mbili.

"Baba watoto," asema mke, "zote mbili zimeandikwa megapikseli 24. Mbona hii bei yake yapita mara tatu ya ile?"

"Pengine ni jina tu, mama watoto," ajibu mume. "Tuichukue ya bei nafuu, tubakiwe na nauli."

Jibu la mume si la kipuuzi, wala swali la mke si la kupita hivi hivi. Kamera ya bei nafuu yaweza kuwa ndiyo ifaayo, tena yaweza kuwa hasara. Yote hutegemea saa ambazo kamera hiyo itafanyia kazi.

KIHISI NI NINI?

Kamera ya zamani ilitumia filamu. Picha moja katika filamu ya milimita 35 ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kipimo hicho kilienezwa na kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack huko Ujerumani na kuanza kuuzwa mwaka 1925.

Kamera ya kidijitali ya aina ya SLR ina kioo ndani yake, kinachomletea mpiga picha jichoni taswira ile ile ipitayo katika lenzi. Mahali pa filamu pamewekwa kipande cha silikoni kiitwacho kihisi. Juu ya kihisi mna vijisanduku vidogo mno, viitwavyo pikseli, ambavyo kila kimoja hupokea nuru na kuigeuza umeme wenye kuhesabika. Pikseli milioni moja ndizo megapikseli moja.

Vihisi vya kamera hizo huwa hasa vya namna mbili. Kihisi kamili hulingana na picha ya filamu, yaani milimita 36 kwa 24, eneo la milimita za mraba 864. Kihisi kidogo, kijulikanacho kwa herufi APS-C, katika kamera nyingi za Nikon huwa na milimita 23.5 kwa 15.6, na katika nyingi za Canon milimita 22.3 kwa 14.9. Kwa hiyo kihisi kamili hupita mara mbili ya kile kidogo kwa eneo. Bei nayo ina sababu yake. Vihisi hukatwa katika sahani ya silikoni. Kipande kikiwa kikubwa, sahani moja hutoa vichache, na ila moja ndogo huharibu eneo kubwa zaidi.

Mwaka 2014 kampuni ya Nikon ilitoa D3300 yenye kihisi kidogo, na D750 yenye kihisi kamili. Zote mbili zilikuwa na megapikseli 24 na kitu. Huko Marekani D3300 pamoja na lenzi yake ilianza kuuzwa kwa kiasi cha dola 650. D750 bila lenzi ilidai kiasi cha dola 2,300. Idadi ya vijisanduku ilikuwa moja. Kilichotofautiana sana ni ukubwa wa kila kijisanduku.

KIKOMBE NA BESENI MVUANI

Mama wa nyumbani aliyewahi kukinga maji ya mvua atalielewa jambo hili upesi. Akiweka kikombe na beseni uani kwa dakika moja, mvua huviangukia vyote kwa nguvu moja, lakini beseni hukusanya zaidi. Nuru nayo hushuka mfano wa matone, chembe chembe, bila mpango wa sawasawa. Chembe zikiwa nyingi, tofauti hiyo hujificha. Zikiwa chache, hujitokeza.

Hesabu yake ni hii. Pikseli iliyopokea chembe 10,000 za nuru huwa na mtikisiko wa chembe kama 100, yaani sehemu moja katika mia. Iliyopokea chembe 100 tu huwa na mtikisiko wa kama 10, yaani sehemu moja katika kumi. Mtikisiko huo ndio uonekanao pichani kuwa chenga: vidoa vya rangi shavuni mwa bibi harusi, na weusi wa usiku uliojaa vumbi lisilokuwapo.

Wengi hudhani dawa yake ni kupandisha kiwango kiitwacho ISO. Kupandisha ISO hakuongezi nuru hata chembe. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio iliyoshika stesheni ya mbali kwa shida: msemaji husikika zaidi, na mkwaruzo vivyo hivyo.

MCHANA NA USIKU ZIWANI

Karibu na njia itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, mahali paitwapo Mugere, pana jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliofika hapo tarehe 25 Novemba 1871. Mwenye kulipiga picha jiwe hilo saa nne asubuhi, jua likiwaka, hana haja ya kihisi kikubwa. Mvua ya nuru ni kubwa hata kikombe hujaa. Picha za kamera zote mbili zikichapwa kwa ukubwa wa kadi ya posta, ni vigumu hata kwa fundi kuzitofautisha. Ni hivyo hivyo kwa picha ya kitambulisho iliyopigwa penye mwanga wa kutosha.

Tena kihisi kidogo kina faida yake. Hukata sehemu ya kati tu ya taswira, hivyo lenzi ya milimita 300 huonyesha eneo dogo kama lile la lenzi ya milimita 450 katika kihisi kamili. Mwenye kupiga picha ya viboko wa Rusizi angali amesimama mbali salama atashukuru kwa hilo.

Mambo hubadilika jioni. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, giza huingia upesi, kama ilivyo desturi ya nchi zilizo karibu na ikweta. Wavuvi hutoka na taa zao kuwavuta ndagala na mukeke. Uso wa mvuvi humulikwa upande mmoja na taa. Upande wa pili humezwa na giza. Mtumbwi hauachi kuyumba, kwa hiyo mlango wa kamera haupaswi kukaa wazi muda mrefu, nayo stendi ya miguu mitatu haina kazi juu ya maji. Hapo ndipo kihisi kamili hustahili bei yake. Kamera mbili za kizazi kimoja, zenye tundu la lenzi sawa na muda sawa, zikipiga eneo lile lile, yenye kihisi kamili hukusanya nuru ipitayo kidogo mara mbili. Picha yake ya ISO 6400 huwa na chenga zinazokaribiana na za kihisi kidogo kwa ISO 3200.

Harusini nako kuna mtihani wake. Shela nyeupe na suti nyeusi husimama bega kwa bega. Pikseli kubwa huweza kubeba nuru nyingi kabla ya kufurika, kwa hiyo nyuzi za shela hubaki zikionekana na mikunjo ya suti haipotei gizani.

LENZI NDIYO MLANGO

Hata hivyo beseni halifai kitu likiwekwa chini ya mfereji mwembamba. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa mpaka mwisho, mara nyingi hufikia tundu la f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, hupitisha nuru inayokaribia mara kumi ya hiyo. Maana yake ni kwamba kihisi kidogo chenye lenzi hiyo hukusanya nuru kama mara nne ya kihisi kamili kilichofungiwa f/5.6. Wengi hulipa fedha nyingi kwa beseni na kuusahau mlango.

Lakini tundu pana lina sharti lake. Sehemu iliyo wazi pichani huwa nyembamba; jicho huonekana vizuri, sikio likafifia. Ndugu na jamaa wakipangwa safu tatu, tundu halina budi kufinywa, na kwa kihisi kamili hufinywa zaidi ili wote waonekane wazi. Hapo faida ya kihisi kikubwa hupungua sana, na taa ya flashi huhitajika.

Polisi mwenye kupiga picha ya gari lililogongwa barabarani usiku naye ajue kwamba kitu kisichosogea hakidai kihisi kikubwa. Kamera ikae juu ya stendi, mlango uachwe wazi kwa sekunde kadhaa, na rula iwekwe kando ya alama za matairi. Subira hujaza kibaba hata kikiwa kidogo.

KABLA YA KUFUNGUA MKOBA

Siku hizi watengenezaji wakubwa wamehamia kamera zisizo na kioo, na kamera nyingi za SLR hupatikana zikiwa zimekwisha kutumika, kwa bei pungufu. Sheria ya beseni haikubadilika. Mnunuzi wa kamera iliyotumika apige picha ya ukuta mweupe au ya anga tupu, tundu likiwa limefinywa, aone kama kihisi kina madoa.

Basi mume na mke wale warudi mezani kwa muuzaji na swali lililo bora kuliko la megapikseli: kazi itafanyika saa ngapi? Ikiwa ni picha za kitambulisho, za shule na za harusi za mchana, wachukue kihisi kidogo, waongeze lenzi ya f/1.8, flashi na stendi, na nauli itabaki. Ikiwa riziki itatafutwa usiku, kumbini na juu ya maji, waendelee kuweka akiba mpaka wafikie kihisi kamili pamoja na lenzi inayokistahili. Kukinunua bila lenzi hiyo ni kujenga ghala na kukosa mlango wa kuingizia mavuno.